Kichocheo Kinachotii Mwanga

Jani la chai likiwa bado mtini, vitu viwili vinavyokipa kikombe rangi na ukali wake hukaa ndani ya seli moja bila kukutana. Cha kwanza ni katekini, kemikali zisizo na rangi zenye kukausha ulimi, ambazo mmea huziweka kwenye vakuoli, kile kifuko cha maji kinachojaza sehemu kubwa ya seli. Cha pili ni kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi, ambacho makazi yake ni kloroplasti, zile punje za kijani zinazonasa mwanga wa jua. Kati yao upo utando mwembamba. Mchumaji wa Mogogosiek, huko Bomet nchini Kenya, akikata majani mawili na chipukizi na kuyatupa kikapuni mgongoni, utando huo unabaki mzima. Kwenye mizani ya kituo cha kununulia bado ni mzima, na kwa sehemu kubwa unavumilia hata usiku kucha kiwandani, majani yakinyaushwa kwa upepo wa feni mpaka yalegee.

Kinachouvunja ni mashine ya CTC, iliyobuniwa Assam, India, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na ambayo leo ndiyo moyo wa karibu kila kiwanda cha chai Kericho na Bomet. Ni magurudumu mawili ya chuma yenye meno, moja likizunguka takribani mara 10 ya kasi ya mwenzake. Majani yanayopita katikati yanasagwa, yanachanwa na kuviringwa kwa mkupuo mmoja. Vakuoli zinapasuka, kloroplasti zinapasuka, oksijeni inaingia, na ndani ya dakika chache rundo lililokuwa kijani linaanza kugeuka wekundu wa shaba. Viwandani hatua hii huitwa uchachuaji, ingawa hamna hamira wala bakteria anayefanya kazi hapo. Ni kimeng'enya kimefunguliwa mlango.

Tukitazame kwa karibu. Kiini cha polifenoli oksidesi kina atomu mbili za shaba zilizokaa ubavu kwa ubavu, umbali wa kutosha tu kushika molekuli moja ya oksijeni katikati yake. Kwa oksijeni hiyo, kimeng'enya huipokonya katekini hidrojeni zake mbili na kuiacha ikiwa kwinoni, molekuli yenye njaa, isiyotulia, inayotafuta pa kujishika. Kwinoni ya katekini ya aina moja ikikutana na kwinoni ya aina nyingine, zinaungana na kuwa theaflavini. Hiyo ndiyo rangi ya dhahabu nyekundu inayoonekana ukingoni mwa kikombe cheupe, na ndiyo inayoipa chai ule uchangamfu ambao waonjaji wa mnada wa Mombasa wanausikia kabla hata hawajaitema. Katika chai kavu, theaflavini ni chini ya sehemu 3 kwa mia. Kwa uchache huo zinabeba sehemu kubwa ya bei.

Shida ni kwamba mchakato hauishii hapo. Kwinoni zilizobaki, zikisaidiwa na kimeng'enya cha pili kiitwacho peroksidesi, zinaanza kuzila theaflavini zenyewe na kuzigeuza kuwa thearubigini, kundi la molekuli kubwa za rangi ya kahawia ambazo mkemia Mwingereza E. A. H. Roberts alizieleza katika miaka ya 1950 na ambazo mpaka leo muundo wake haujachambuliwa wote. Thearubigini zinaipa chai uzito na rangi nzito. Zikizidi, chai inakuwa nyeusi na bubu. Ukichora kiasi cha theaflavini dhidi ya saa, mstari unapanda, unafika kileleni, kisha unateremka. Kazi yote ya msimamizi wa uchachuaji ni kukiona kilele kile kikija na kusimamisha mambo pale pale.

Wakemia waliofanya kazi Timbilil, makao ya utafiti wa chai nje kidogo ya mji wa Kericho, wameuandika mstari huo kwa uvumilivu wa miaka mingi. Phillip Okinda Owuor, ambaye baadaye alikuwa profesa Maseno, na Martin Obanda walipima aina moja ya chai baada ya nyingine, wakibadilisha joto na muda. Katika utafiti wao wa mwaka 2001, walioufanya pamoja na Mang'oka, ilidhihirika kwamba uchachuaji wa joto la chini huzaa theaflavini nyingi zaidi, na kwamba kila joto lina muda wake unaolifaa. Baridi ya nyanda hizi, zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni rasilimali ya kikemia kama ulivyo udongo wake mwekundu.

Lakini kusimamisha kwenyewe kuna njia moja tu. Majani yanapelekwa kwenye kikaushio, yanapigwa hewa yenye joto la zaidi ya nyuzi 100, na kimeng'enya kinaiva. Protini ikishaiva hairudi ubichi. Kama msimamizi amewahi mno, hawezi kukiamsha kimeng'enya tena ili amalizie dakika kumi zilizopungua. Kama amechelewa, theaflavini zilizoliwa hazirudi.

Nimekaa sana na jambo hili kwa sababu naamini ndilo linalotufungulia mlango wa kuielewa mojawapo ya kazi bora za kemia ya karne hii. Vitabu vya shule hutufundisha kukisifu kichocheo kwa kasi: kinaharakisha mmenyuko mara elfu, mara milioni, na chenyewe kinabaki kilivyokuwa. Hilo ni kweli, na halitoshi. Anayefanya kazi na kichocheo kila siku anataka kujua jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi: kinazuilika? Kinaweza kupunguzwa, kunyamazishwa, kisha kuitwa tena bila kuuawa?

Mwaka 2004 kundi la Paolo Scrimin, Chuo Kikuu cha Padova nchini Italia, lilichapisha kazi juu ya chembe za dhahabu zilizovishwa koti la molekuli zenye zinki nchani. Kila chembe ilikuwa na upana wa nanometa chache, na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Zikiwa zimebanana juu ya uso wa dhahabu, zinki mbili za jirani zilishirikiana kukata kifungo cha fosfati jinsi vimeng'enya vya mwilini vinavyokata RNA. Watafiti hao waliziita chembe zao nanozaimu. Miaka mitatu baadaye, Beijing, kundi la Yan Xiyun liligundua jambo lililowashangaza wengi zaidi. Chembe ndogo za magnetiti, yaani oksidi nyeusi ya chuma yenye usumaku, ambazo maabara zilizitumia kubebea vitu vingine kwa imani kwamba zenyewe hazina tendo lolote la kikemia, zilifanya kazi ya peroksidesi. Ukizitia kwenye maji yenye hidrojeni peroksidi na dutu ya kupimia rangi, maji yanageuka buluu, kama ambavyo yangegeuka kwa kimeng'enya halisi kilichotolewa kwenye mmea. Jamaa wa peroksidesi ile inayofanya kazi kwenye rundo la majani kule kiwandani amepatikana ndani ya punje ya kutu nyeusi.

Tangu hapo orodha imekuwa ndefu: dhahabu, platini, seriamu, manganizi. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, liliziweka nanozaimu miongoni mwa teknolojia 10 chipukizi za kemia za mwaka huo. Sababu ni rahisi kuziona. Kimeng'enya ni protini. Kinaoza, kinaogopa joto, na kukitenga ni gharama. Chembe ya oksidi ya chuma inakaa kwenye chupa miezi mingi bila jokofu. Kwa maabara ya kituo cha afya cha mashambani, ambako umeme unakatika mvua ya alasiri ikianza, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo chembe hizo za mwanzo zilikuwa na upungufu ambao msimamizi wa uchachuaji angeutambua mara moja. Hazikujua kusimama. Ukishazitia majini zinafanya kazi mpaka malighafi iishe. Kimeng'enya ndani ya seli hai hakiishi hivyo hata siku moja: kinabanwa na bidhaa yake mwenyewe ikizidi, kinaongezwa nguvu chakula kikija, kinafungiwa chumba chake kama polifenoli oksidesi kwenye kloroplasti. Kuiga kasi ya kimeng'enya bila kuiga utii wake ni kuiga nusu, na tena ile nusu nyepesi.

Mwanga ukaingia hapo. Mkemia akitaka kuuzuia mmenyuko kwa asidi au chumvi, anaongeza kitu kwenye chombo, na kitu hicho kinabaki humo. Mara ya kwanza si neno. Ya kumi, chombo kimejaa takataka. Mwanga hauachi masalio. Unaelekezwa mahali unapotakiwa, unazimwa kwa sekunde, na rangi yake inaweza kuchaguliwa kwa usahihi mkubwa.

Molekuli inayotumika sana kuupokea mwanga huo ni azobenzini. Ina duara mbili za kaboni zilizounganishwa na nitrojeni mbili, na kwa kawaida imenyooka. Ukiimulika kwa miale ya urujuanimno, inajikunja katikati. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu, inanyooka. Umbo lililokunjwa liligunduliwa mwaka 1937 na G. S. Hartley, aliyeona vipimo vyake vikibadilika kila mmumunyo ulipokaa kwenye mwanga. Mwaka 2010 Yanhu Wei, Bartosz Grzybowski na wenzao walizivisha chembe za dhahabu molekuli za aina hii. Chembe zikiwa zimetawanyika zilichochea mmenyuko waliokuwa wakiupima. Walipowasha urujuanimno, azobenzini zilijikunja, chembe zikavutana na kushikamana mafungu mafungu, nyuso zao zikafichika, na uchochezi ukasimama. Mwanga wa kawaida ulizitawanya tena, na kazi ikaendelea.

Padova walilichukua jambo hili hatua nyingine. Mwaka 2017 Simona Neri na wenzake, katika maabara ya Leonard Prins, walizirudia zile chembe za dhahabu na zinki, safari hii wakiziacha kama zilivyo. Waliongeza pembeni molekuli ndogo yenye azobenzini, inayopenda kukaa juu ya zinki na hivyo kuizuia isifanye kazi. Umbo lililonyooka na umbo lililokunjwa huzuia kwa viwango tofauti. Basi ukibadilisha rangi ya taa, kasi ya mmenyuko inapanda; ukiirudisha, inashuka; na unaweza kurudia. Yote hayo ndani ya maji, ambako uhai wenyewe unafanyia kazi. Kwangu uzuri wa kazi hii ni kwamba kichocheo na mlinzi wake ni vitu viwili mbalimbali. Ndivyo seli ifanyavyo. Kimeng'enya hakijitawali, kina wajumbe wadogo wanaokuja na kuondoka.

Na hapa lazima turudi shambani, maana jani la chai lilikuwa na swichi ya mwanga kabla ya maabara yoyote kuifikiria. Ndani ya kloroplasti, vimeng'enya kadhaa vinavyojenga sukari kutokana na hewa ya kaboni vina vifungo vya salfa vinavyovibana usiku. Alfajiri jua linapopanda juu ya vilima vya Konoin, klorofili inaanza kusukuma elektroni. Sehemu ya elektroni hizo inapitia protini ndogo iitwayo thioredoksini, nayo inavifungua vifungo vile kimoja kimoja. Vimeng'enya vinaamka. Wingu la mvua likifunika jua alasiri, elektroni zinapungua, vifungo vinaanza kujifunga, kazi inapungua. Mlolongo huo ulichambuliwa na Bob Buchanan na wenzake huko Berkeley, Marekani, kuanzia miaka ya 1960 na 1970. Kila kichaka kati ya Kericho na Sotik kinaufanya kila siku, mara nyingi kwa siku, bila kuharibu kimeng'enya hata kimoja.

Mwanga unatawala hata katekini zenyewe. Mmea unaopata jua kali hutengeneza katekini nyingi. Ukiwekwa kivulini hupunguza na kubaki na amino asidi nyingi zaidi, hasa theanini. Wakulima wa Uji, Japani, hufunika mashamba yao kwa wiki kadhaa kabla ya kuchuma kwa sababu hiyo, wakitafuta chai laini. Kericho, karibu kabisa na ikweta na juu mlimani, jua la asubuhi ni kali na lina urujuanimno mwingi, na majani yanajibu kwa kujaza vakuoli zao. Aina ya zambarau, TRFK 306, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, imeongeza juu yake anthosiani, rangi ambazo mimea hujikingia dhidi ya mwanga mkali. Ukali wa chai yetu unaanzia kwenye mwanga kabla haujafika kwenye mashine.

Kuwasha na kuzima bado si kujirekebisha. Mfumo unaojirekebisha unapima hali yake wenyewe na kubadilika kutokana na kipimo hicho. Mwaka 2020 Gibson Kimutai na wenzake, wakiwemo watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Rwanda, walichapisha njia ya kutumia kamera na programu iliyofunzwa kwa picha ili kutambua ni wakati gani majani yanayochachuka yamefika kilele. Ni kazi ya nyumbani, iliyozaliwa na tatizo la nyumbani, na nadhani ilistahili kusomwa zaidi ya ilivyosomwa. Ila jicho lile liko nje ya kemia. Linatazama, linahukumu, linamwambia mtu, na mtu anapeleka majani motoni.

Maabara ya Wilhelm Huck huko Nijmegen, Uholanzi, imejaribu kuliweka jicho ndani. Mwaka 2015 walionyesha mfumo wa tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya protini, uliopangwa ili tripsini ijizalishe yenyewe na wakati huohuo izalishe kizuizi chake kwa kuchelewa kidogo. Tripsini ikaongezeka, kizuizi kikafuata, ikapungua, kizuizi kikaisha, ikaongezeka tena, kwa mapigo yaliyorudi kwa saa nyingi. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilitumia mwanga kuyatawala mapigo hayo. Sasa weka mambo mawili pamoja: chembe isiyooza, ambayo kasi yake inabadilishwa na mwanga, na mtandao wa mmenyuko unaojibana wenyewe. Hapo kuna vifaa vya kujengea kitu kinachohisi mabadiliko ya mazingira yake na kuyajibu bila kamera, bila kompyuta, bila mtu. Vifaa vipo. Jengo lenyewe ndiyo kwanza linachimbiwa msingi.

Nisieleweke kwamba tutie dhahabu kwenye chai. Chai ya Kericho inauzwa kwa sababu ni jani na moto tu, na hakuna sababu ya kuongeza chembe za metali kwenye kitu ambacho mamilioni ya watu wanakunywa kila asubuhi. Mahali pa kazi hii ni pengine: maji yanayotoka viwandani, mito inayopita chini ya mashamba, vipimo vya kugundua dawa za wadudu. Dawa nyingi za jamii ya fosfati zina vifungo vya ukoo mmoja na vile ambavyo chembe za Padova hukata. Peroksidesi ya chuma inajulikana kwa kuvunja rangi na uchafu wa kikaboni majini ikipewa hidrojeni peroksidi.

Na kuna bahati ambayo eneo hili halijaitumia vya kutosha. Katekini zilezile zinazoutafuta mkono wa oksijeni kwenye rundo la majani ni nyepesi pia kuzipa elektroni ioni za metali. Mallikarjuna Nadagouda na Rajender Varma walionyesha mwaka 2008 kwamba maji ya chai na kahawa yanatosha kutengeneza chembe nano za fedha na paladiamu, kwenye joto la kawaida la chumba, chai ikiwa ndiyo inayozitoa na ndiyo inayozivika koti. Mwaka 2009 Varma na kundi jingine walitumia polifenoli za chai kutengeneza chembe za chuma zilizovunja rangi ya maabara zikisaidiwa na hidrojeni peroksidi. Kila kiwanda kinabaki na nyuzi na vumbi la chai lisilofaa mnada. Ndani yake zimo polifenoli. Malighafi ya nanozaimu iko kwenye gunia la taka nyuma ya kiwanda.

Kikwazo kimoja kikubwa ni cha mwanga wenyewe, nacho kinafaa kutajwa waziwazi. Maji yenye mabaki ya chai ni ya kahawia kwa sababu yanameza buluu na urujuanimno, zile rangi mbili hasa ambazo azobenzini ya kawaida inazihitaji. Ukimulika ndoo ya maji hayo kutoka juu, mwanga unaishia karibu na uso, na chembe zilizo chini zinabaki gizani. Ndiyo maana kazi ya Andrew Woolley huko Toronto, Kanada, ina uzito kwetu kuliko inavyoonekana. Tangu mwaka 2011 kundi lake limekuwa likibadilisha duara za azobenzini, kwa kuongeza vikundi vya oksijeni na kaboni karibu na nitrojeni, mpaka zikapatikana molekuli zinazojikunja kwa mwanga wa kijani, kisha hata kwa mwekundu. Mwanga mwekundu ndio unaopenya rangi ya kahawia vizuri zaidi. Ndiyo sababu chai kwenye glasi inaonekana nyekundu ukiitazama dhidi ya dirisha.

Mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Kabianga, ambacho kimezungukwa na chai pande zote, anaweza kuanza na hatua ndogo: chembe za chuma kutokana na vumbi la chai ya kiwanda cha jirani, dutu ya kupimia rangi, taa za LED za buluu na nyekundu, na jedwali la kasi katika maji safi na katika maji ya mfereji wa kiwanda. Jedwali hilo lingemwambia ni kiasi gani cha peroksidesi kimebaki kwenye chembe zake baada ya polifenoli kuzifunika, maana koti nene la chai linaweza kuwa ndilo kizuizi cha kwanza anachopaswa kukiondoa kabla ya kufikiria azobenzini yoyote.